Kasida ya Upande wa Pili wa Ukuta

Jumanne, baada ya Isha

Bado naisikia ile kasida ilivyokatika katikati ya neno, mara tu nilipozima hotspoti.

Kumbe mlaji wa bando langu ni Bi Mize, jirani wa ukuta mmoja! Na mie kesho kutwa nina usaili wa masomo kwa video. Bando likikatika, nafasi imekwenda.

Leo niliandika amri kwenye simu yangu ya Linux, inayopokea amri kama kompyuta, inioneshe data zinapitia wapi. Programu zangu zote zimelala, lakini hotspoti inamimina. Nilimuunganisha Bi Mize tangu Ramadhani asikilize darsa, kisha nikasahau. Nilipoizima, ukuta mzima ukanyamaza. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilipomwendea alishangaa. "Mwanangu, mie nlidhani ni intaneti ya bure ya Serikali!" Huku ananikatia mkate wa boflo. Mtu aliyeniletea futari mwezi mzima, nitamfungiaje mlango?

Basi nimemshushia kasida zake zote zikae ndani ya simu yake, kisha nikabadilisha nenosiri. Sasa hivi anaipiga tena ile ile, na tarakimu za data kwenye kioo cha simu yangu hazisogei.