Pigo la Pili

Kariakoo, 10 Septemba 2024

Shikamoo Mama mdogo,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: aliyempasua Kitwana kichwa ni mimi, si fundi Beno.

Natumai u mzima huko Gujarat, na akina Jasumati wanaendelea kutupigia vitambaa chapa kwa mkono. Sisi afya ipo. Duka lako ndilo limekufa.

Kitwana, jirani yetu, alikuwa anauza vitambaa vya kiwandani vyenye maua kama yetu, anaapa ni kazi ya mkono. Na sisi, unajua, kabla mteja hajalipa tunamgeuzia kitambaa aone rangi ilivyopenya mpaka nyuma, na mahali muhuri wa mti ulipopishana. Basi wateja wakaanza kugeuza na vya Kitwana. Nyuma vyeupe pe.

Jana akaja na vijana wawili wenye mapanga. Wakachanachana majora yote. Beno akaacha cherehani. "Kaka, tuongee." Kitwana akacheka: "Si mnapenda kugeuza? Ngoja tukugeuze na wewe!" Wakamwangusha, mateke ya mbavu mpaka nikasikia mfupa. Vijana wakatoka kuyatupa majora barabarani, Kitwana akabaki anampiga.

Mimi huyu, ambaye darasani nikiulizwa swali sauti inagoma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikachukua mita ya chuma ya kupimia vitambaa nikampiga Kitwana kisogoni. Akaanguka. Nikampiga tena akiwa chini. Hilo la pili nililifurahia, Mama mdogo.

Watu walipojaa, Beno akaninyang'anya ile mita. "Ni mimi," akasema. Polisi wakamchukua anatema damu.

Mwanao,
Shadya

Bhuj, Gujarat, 11 Septemba

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Mwili wangu mzima, moyo hapana. Nilipoona kwenye simu picha ya barua yako nilikaa sakafuni, Jasumati akauliza nani kafa.

Sikiliza. Futa hiyo picha, karatasi choma. Mtihani wako wa kidato cha nne ni Novemba. Beno ni mtu mzima, nitamwekea wakili. Najua nilifungua duka lile nikisema hatumuumizi mpiga chapa wala mshonaji. Usinikumbushe. Wewe nyamaza tu, si ndiyo tabia yako?

Nisalimie Bibi.

Mama yako mdogo,
Mwanne

Kariakoo, 16 Septemba

Shikamoo Mama mdogo,

Habari za huko? Bibi anakusalimia. Hapa si salama.

Kitwana alifariki juzi hospitalini. Jana vijana wake wakamfuata Scholastika, mke wa Beno, kwake Magomeni. "Wewe ndiye unayempikia muuaji?" Wakamvunja mkono mbele ya wanawe. Alipotoka kufungwa bandeji akaenda kituoni, hotipoti ya chakula kaikumbatia kwa mkono mmoja. Akarudi na salamu: "Beno anasema usome."

Polisi wanamuuliza Beno kwa nini alimpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Wanampiga ili ajibu. Atajibu nini? Naye alikuwa chini, macho yamejaa damu, pigo la pili hakuliona. Pigo la kwanza nilikuwa namwokoa. La pili ni langu mwenyewe. Naye wakili wako ananifundisha niseme siku ile nilikuwa shule.

Nimemwomba Scholastika apitie hapa, twende wote kituoni. Hajui kwa nini. Tangu nianze kuandika, kila mtu akipita mlangoni nauingiza ukurasa chini ya kitenge. Sasa nasikia ndara zake ukumbini, anazikokota. Anauliza kama nipo.

Nimemwambia aingie. Ukurasa uko mezani, siufuniki.

Mwanao,
Shadya