Kipulizio cha Ukingo Mpana

Jumatatu, 3 Juni

Mashine imekamua alizeti tangu saa moja asubuhi. Magunia ya nusu ya kijiji cha Iguguno yamepangwa mlangoni kwangu. Saa kumi nikanawa mafuta mikononi, nikaenda kanisani kwenye mazoezi ya matarumbeta. Miaka kumi na moja napuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, katika bendi hii. Sijachelewa hata siku moja.

Leo ilitoka hewa badala ya sauti. Inavujia kushoto, pale walipong'oa chonge langu la juu mwezi uliopita. Inapiga pssss kama tairi. Yona wa tarumbeta ya pili akacheka. Nikajifanya nakagua valvu.

Jumatano, 5 Juni

Hali ile ile. Mbaya zaidi, kwa kweli.

Mwalimu Elisha, kiongozi wa bendi yetu, alisubiri wenzangu watoke. "Mama Neema, pumzika kidogo. Yona atashika tuba mpaka sherehe ipite. Wewe utapiga matoazi."

Sherehe ni tarehe 30. Kanisa letu linatimiza miaka hamsini, na bendi ya Sepuka imealikwa. Na mimi nigonge matoazi.

Nilimjibu, "Sawa, Mwalimu." Nikarudi nyumbani nikakwangua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejifungia chumbani na kioo na kipulizio changu. Kile kikombe cha chuma unachobandika mdomoni, na bila hicho tuba ni bomba tu.

Nimeona kitu. Ukingo wake ni mwembamba, na unakanyaga palepale penye pengo. Nikikaza, mdomo unazama ndani, hewa inapata njia. Si umri wangu. Si mapafu. Ni chuma hiki na pengo hili.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwomba anipime Jumamosi ya tarehe 22 mbele ya bendi nzima, mimi na Yona, wimbo mmoja. Amekubali. Sidhani kama anaamini.

Jumapili, 9 Juni

Kabati la kanisa lina vipulizio viwili vya ziada. Nimejaribu vyote baada ya ibada.

Cha kwanza shina lake ni jembamba, kinacheza kwenye bomba. Nikakizungushia karatasi. Kikatulia, lakini kila noti ikatoka chini kuliko inavyotakiwa. Hapana.

Cha pili ni kikubwa kama kikombe cha kahawa. Mwalimu Elisha anakipenda. "Besi kubwa, kipulizio kikubwa," anasema. Ni kweli ukingo ulipita nje ya pengo. Noti ya chini ikatoka mpaka madirisha yakatetemeka. Nikafurahi ubeti mmoja. Ubeti wa pili nikaishiwa pumzi. Wa tatu nikaona vimulimuli, nikakaa chini kwenye ngazi za madhabahu. Mke wa mchungaji akaniletea maji. Aibu.

Jumanne, 11 Juni

Nilifikiri Petro hajali. Miaka yote mume wangu analalamika kwamba tuba inakula nafasi chumbani. Leo karudi na vitunguu kutoka Issuna, akavua viatu, akasema kuna mama sokoni kule, muuza vitunguu, aliyepuliza tuba bendi ya jeshi mpaka akastaafu. Anaitwa Afande Zuhura. Ana vipulizio vyake mwenyewe. Petro alimuuliza yeye mwenyewe, bila kutumwa. Kachukua na namba yake.

Nikampikia mlenda anaoupenda.

Jumamosi, 15 Juni

Issuna. Tuba ilikaa kiti cha dirishani, mimi nikasimama mpaka Singida mjini. Kule nikapanda gari jingine.

Afande Zuhura ni mwembamba, anasimama wima kama nguzo ya simu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama mdomoni kabla ya usoni. "Fungua. Chonge. Basi nimeelewa."

Vipulizio vyake ni vinne, vimefungwa kwenye kanga. Akageuka akanipa mgongo, akaendelea kuchambua vitunguu, akaniamuru nipulize ubeti uleule kwa kila kimoja. Cha kwanza hakikufaa. Cha pili ni kirefu kwa ndani, sauti nzito, tamu. Watu wa soko wakasogea. Cha tatu kiliniumiza. Cha nne kina kikombe cha wastani na ukingo mpana. Sauti ya kawaida tu. Lakini ukingo ule ulilalia jino la mbele na jino la nyuma, ukapita juu ya pengo kama ubao juu ya mtaro. Hewa haikuvuja hata kidogo.

Afande akasema nichukue cha pili, bila kugeuka.

Nikamwambia naomba nipulize cha pili na cha nne nusu saa kila kimoja. Akashangaa, akaniruhusu. Cha pili kilianza kuvuja dakika ya kumi. Cha nne hakikuvuja mpaka mwisho.

"Nachukua cha nne, Afande."

"Unachagua godoro, huchagui sauti."

Sikubadili. Akakifunga kwenye kitambaa akaniazima. Nikishindwa, nikirudishe na nikiri kwamba alisema kweli.

Jumatatu, 17 Juni

Sauti nyembamba. Petro anasema ni nzuri. Petro hajui tuba.

Jumatano, 19 Juni

Hofu. Labda Afande alisema kweli. Nani mimi nimkatalie mtu aliyepuliza maisha yake yote? Nikakitia kipulizio kwenye begi ili nikirudishe. Nikakitoa.

Nimejaribu kulegeza koo, kupuliza hewa ya moto, polepole, kama mtu anayepulizia kioo ili akifute. Noti ya chini ikafunguka. Nikairudia mara ishirini. Wateja walisubiri mafuta yao nje, hakuna aliyelalamika.

Ijumaa, 21 Juni

Beti zote nne, mara tatu mfululizo. Mdomo bado mzima. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 22 Juni

Yona alianza. Ana kifua, sitamnyima. Alitumia kile kikubwa cha kabatini. Ubeti wa kwanza benchi zilitetemeka. Wa pili akaanza kuvuta pumzi katikati ya maneno. Wa nne alikuwa anafuata wenzake kwa mbali.

Zamu yangu. Ubeti wa kwanza wa kawaida. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Wa nne nikaongeza sauti, na noti ya mwisho nikaishika mpaka matarumbeta yote yakanyamaza, ikabaki yangu peke yake ndani ya kanisa.

Mwalimu Elisha akachukua chaki, akafuta jina la Yona kwenye ubao wa bendi, penye tuba, akaandika langu. Yona mwenyewe akaanza kupiga makofi.

Nimeshinda. Naandika tena nilione: nimeshinda.

Jumapili, 30 Juni

Maandamano yalipangwa kuzunguka kanisa mara moja. Lakini mgeni rasmi alichelewa, tukaambiwa tuendelee. Tukazunguka mara nne juani, sisi na bendi ya Sepuka, wimbo uleule bila kituo. Mzunguko wa tatu tuba ya Sepuka ikanyamaza. Nilimwona mpigaji wake ameinama, ameshika magoti. Bendi yao ikaanza kuyumba. Nikaongeza hewa. Nikasikia miguu yao inarudi kwenye mapigo yangu, bendi mbili juu ya besi moja, vumbi mpaka magotini, na akina mama wanapiga vigelegele. Ningeweza kwenda mpaka Nzega.

Gari la mgeni likafika. Mwalimu akashusha mkono. Ndipo nikatoa chuma mdomoni.

Afande Zuhura alikuwa penye uzio, na hijabu yake. Alikuja kutoka Issuna bila kuniambia. Nilimfuata, nikamsalimia, nikamnyooshea kipulizio. Akaurudisha mkono wangu.

"Nilikosea mimi," alisema. "Ni chako."

Akakataa pilau ya kanisani, akakubali soda. Mwalimu Elisha akamletea kiti.

Jumatatu, 1 Julai

Midomo imevimba kidogo. Uji, tena wa vuguvugu.

Petro alikwenda yeye kufungua mashine. Nimelala mpaka jua likaingia kitandani. Nikaketi mlangoni, nikawatazama watu wakipita na magunia yao. Baadhi walinisalimia, baadhi waliinua mkono tu.

Leo sikupuliza. Sikuona haja.