Ekzosi ya Shemeji Yako

Shoga, nimejifungia chooni nacheka mpaka mbavu zinauma!

Shemeji yako si ameiundia pikipiki yake ekzosi kwa mabomba ya kiti kibovu! Akamwita mama yangu aje aisikilize. Mama, ambaye tangu harusi hajamtolea hata tabasamu!

Jamaa akapiga kiki. PAAA! Ulehemu ukaachia, ekzosi ikaruka hadi banda la kuku.

Shemeji yako akajificha nyuma ya mama, kamshika kiuno: “Mama, niokoe!”

Kiuno, shoga! Cha mama mkwe! Mwanaume mzima na ndevu zake!

Nikajua ndoa imeisha. Mara mabega ya mama yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Mwanangu,” akamwambia, “lifunge tena hilo dude, unipeleke nalo sokoni. Nataka majirani wanisikie nikipita.”