Mkwe wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 5 Mei

Sijaandika tangu kabla ya Krismasi. Ulikuwa uvivu, wala sitautafutia jina lingine. Naomba radhi, ingawa hakuna wa kuipokea ila karatasi.

Wodi imejaa. Mvua tangu mchana. Chai baridi.

Tumetangaziwa kuwa tathmini ya vyeti ni Alhamisi ya wiki ijayo. Msaidizi wa wauguzi husimamiwa kando ya kitanda akimwogesha mgonjwa, tangu kunawa mikono hadi kuchomeka shuka. Anayefaulu huongezewa muda wa cheti. Anayeshindwa haruhusiwi tena kumgusa mgonjwa.

Cheti hiki nilikipata baada ya kustaafu ualimu, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliyenifundisha. Kikifutwa, nitarudi kijijini Bumula kuketi kibarazani na kuulizwa kama nimekula. Sitaki.

Tathmini siiogopi. Kazi naijua.

Jumatano, 7 Mei

Wafula ameletwa kwetu. Ni mume wa binti yangu Nasimiyu. Pikipiki iliteleza Tongaren, nyonga ikapasuka. Hospitali ya Bungoma imemaliza kumtibu. Sasa ni kulala na kutunzwa. Amewekwa kitanda cha dirishani, katika wodi yangu.

Niliingia na beseni. Aliponiona alijifunika shuka hadi kichwani. Nami niligeuka nikatoka na maji yangu.

Sisi Wabukusu hatuchezi na ukwe. Mama mkwe hamshiki mkono mume wa binti yake. Hali naye meza moja, sembuse kumwona bila nguo. Miaka yote ya ndoa yao sijawahi kumwona Wafula akitafuna. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite.

Katika wodi hakuna mahindi.

Msaidizi mwenzangu, Barasa, amekubali kumhudumia. "Huyo niachie mimi, Mwarimu." Nimechoka kumsahihisha.

Jumamosi, 10 Mei

Napita wodini nikitazama sakafu. Leo nimegonga kitoroli cha dawa na watu wakacheka.

Jumanne, 13 Mei

Mtathmini amekuja kupanga kazi. Sista Njeri. Kijana, nadhifu, hana maneno mengi. Amezaliwa hapa Kitale, ila wazazi wake walihamia kutoka Nyeri. Amesema kila msaidizi atamwogesha mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Katika wodi yetu yuko mmoja tu kwa sasa.

Nilimweleza jambo la ukwe. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo sitamnyima.

"Pole, Mwalimu. Lakini nikikuachia uchague mgonjwa, kesho kila mtu hapa atakuwa na mkwe."

Jibu zuri. Nilimchukia hadi jioni.

Barasa naye: "Si ufunge macho tu, Mwarimu? Umwoshe kama sufuria!" Sikucheka.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia simu shemeji yangu wa Bumula, ndugu wa marehemu mume wangu. Ndiye mzee wa ukoo. Anasema njia ipo. Wazee huketi, kondoo huchinjwa, mkwe na mama mkwe hupeana mikono mbele ya watu, na mwiko huishia hapo. Lakini lazima Wafula afike nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Daktari anazungumzia miezi. Tathmini ni kesho.

Nikimgusa, nimemvunjia heshima yeye, binti yangu na wajukuu. Nisipomgusa, kazi imekwisha.

Maisha yangu yote nimefuata kanuni na kuwakemea wasiozifuata. Hakuna aliyenifundisha la kufanya kanuni mbili zinapoziba mlango mmoja. Nimekwama.

Alhamisi, 15 Mei

Nilinawa mikono. Nikapima joto la maji kwa kiwiko. Nikapanga taulo na shuka safi. Nikavuta pazia kuzunguka kitanda.

Nikabaki nje ya pazia.

Nasimiyu alikuwa ndani, amekuja kumnywesha mumewe uji. Sista Njeri alinitazama. Nilikuwa na beseni mkononi na sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Kisha sauti yangu ya darasani ikatoka yenyewe.

"Nasimiyu, pokea maji. Anza na uso. Machoni usitie sabuni. Kausha kabla ya kushuka kifuani. Sehemu usiyoiosha, ifunike."

Nikaendelea hivyo, kiungo kwa kiungo. Nikamwita Barasa aingie wamgeuze wawili, nyonga isijipinde. Nikauliza kuhusu ngozi ya kiunoni.

"Iko nyekundu kidogo, Mama."

"Bonyeza kwa kidole. Inageuka nyeupe?"

"Inageuka."

"Basi asilalie hapo. Weka mto mgongoni. Badilisha maji."

Sista Njeri aliingia ndani ya pazia, akatoka, akaingia tena. Tulipomaliza, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya kitambaa. Hajawahi kunisemesha hivyo, mimi na yeye bila mjumbe kati yetu.

"Mama, maji yalikuwa sawa."

Nilitazama sakafu. Nilisema, "Vizuri."

Sista Njeri alinipeleka koridoni. "Mwalimu, hii sijawahi kuiona. Mikono haikuwa yako, kwa hivyo siwezi kusema umepita. Lakini pia siwezi kusema umeanguka." Analipeleka jambo hili ofisini, waamue wao. Hadi wakati huo nisimguse mgonjwa yeyote.

Jumapili, 18 Mei

Nimo chumbani mwangu, mtaa wa Tuwan. Nimetoka kanisani. Nimefua sare ingawa haikuwa chafu.

Nasimiyu amepita kunijulia hali. Anasema Wafula akisimama, safari yake ya kwanza itakuwa Bumula, kwenda kunipa mkono mbele ya wazee. "Hata kondoo ameshamtaja, Mama. Yule mweupe." Nilimwambia ahakikishe anageuzwa kila baada ya saa mbili. Alipoondoka nililia kidogo.

Ofisi haijapiga simu. Wakikiacha cheti au wakikifuta, nitaandika siku hiyo hiyo, sitangoja Krismasi nyingine.

Mvua imerudi. Nimeanua sare, bado mbichi. Nimeitundika ndani, karibu na mlango.