Mafuta ya Pamba

Kahama, Jumatano, Julai 1976

Bado nina hasira na Padri, ingawa hasira yenyewe inaniponyoka kila nikimsikiliza Mama akipumua.

Alifika jioni kwa baiskeli, ananuka pombe ya mtama. Tulikuwa tunamngoja tangu juzi aje kumpaka Mama mafuta ya wagonjwa. Akajipapasa mifuko, kisha akanitazama kama mtoto aliyevunja mtungi. Kichupa cha mafuta matakatifu alikuwa amekisahau misheni.

"Una mafuta gani, Mama Yosefa?" akaniuliza.

"Ya kupikia tu, Padri. Ya pamba."

"Lete. Kwenye shida Kanisa linaruhusu."

Nikayamimina kidogo kwenye kisosi. Niliogopa kwamba kwa mafuta hayo na padri huyo, Mama angeondoka bila kitu. Padri akayabariki, akampaka Mama kwenye paji la uso na kwenye viganja. Viganja vile vimechuma pamba tangu usichana wake.

Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumapili, akavuta harufu taratibu.

"Pamba imepasuka," akasema, kama mtu aliyesimama shambani asubuhi, kote kweupe. Na mimi kwa kitambo niliuona weupe ule mle chumbani, umepanda hadi ukutani.

Padri alilia. Hilo sikulitegemea.

Kisha Mama akafumbua macho, akamtazama. "Mpe chakula. Ametoka mbali."

Nikamkaangia mayai, kwa mafuta ya chupa ileile.