Koti la Baba Aikande

Jumamosi, 8 Novemba

Ng'ombe kakamuliwa. Ndizi zimemenywa, mtori uko jikoni. Jumamosi nyumba hii inakula mtori, tangu nilipoolewa hapa Masama, miaka ishirini na minne sasa. Watu husema mtori ni wa mama aliyejifungua. Mimi nampikia mume. Baba Aikande anamaliza bakuli lake bila neno. Mwanaume asiyelalamikia chakula ni baraka.

Saa nne nilipeleka gunia kanisani. Umoja wa wanawake tunakusanya nguo za watu wa Mabogini, maji yaliingia majumbani kwao huko tambarare. Mwenyekiti ni mimi. Nilikuwa na haraka. Nilizoa rundo zima la nguo kuukuu lililokuwa kwenye benchi chumbani, nikashindilia, nikafunga kamba. Gunia langu lilikuwa kubwa kuliko yote. La Mama Ndeshi, katibu wangu, lilijaa nusu. Nililisogeza tu karibu na langu.

Jumapili, 9 Novemba

Mchungaji kanitaja mbele ya washarika wote. Eti nimetoa kwa moyo. Walipiga makofi. Nilitazama chini kwa unyenyekevu, lakini si chini sana. Baada ya ibada gari likaondoka na magunia.

Zimebaki wiki tatu kipaimara cha Elisante, kitinda mimba wetu. Kupaka rangi sebule. Kutafuta mbuzi. Kuanika koti la Baba Aikande.

Jumatano, 12 Novemba

Mungu wangu. Koti halipo.

Koti la kahawia, zito, lenye vifungo vikubwa. Kitambaa nilichagua mwenyewe Majengo, Moshi mjini, kabla ya harusi, fundi akalishona kwa siku tatu. Baba Aikande alioa nalo. Alibatizisha nalo watoto watatu. Vipaimara vya wawili wa mwanzo, alikuwa nalo. Kila picha iliyoko ukutani, koti lipo. Kila mwaka naliangalia bitana, nalitia dawa ya nondo, nalipiga pasi kwa kitambaa kibichi. Sijawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Nimefungua kabati, sanduku, hata pipa la mahindi. Halafu nikakumbuka lile rundo la kwenye benchi. Sikulikagua.

Kwa hiyo nimetoa sadaka koti la harusi la mume wangu. Na nikapigiwa makofi.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijamwambia. Aliniuliza kamba ya ndama iko wapi, nikashtuka mpaka nikamwaga maziwa.

Jioni nilikuwa na somo la akina mama vijana. Mada niliipanga mwenyewe mwezi uliopita: mke mwema hamfichi mumewe kitu. Nimefundisha kwa sauti ndogo. Mmoja akauliza, je, kama jambo lenyewe ni dogo? Nikamwambia hakuna jambo dogo. Kisha nikafunga kwa sala kabla hajauliza la pili.

Jumamosi, 15 Novemba

Anajua. Lazima anajua.

Jana alikwenda kukata majani ya ng'ombe bila kuambiwa. Leo asubuhi kafagia jiko. Mchana kala mtori, akasema ni mtamu. Miaka ishirini na minne hajawahi kusema. Halafu akaosha vyombo! Elisante alisimama mlangoni akitazama, akaniuliza kama baba anaumwa.

Ananisubiri niungame. Ananitesa kwa wema. Nikashindwa kuvumilia, nikasema, bila kuulizwa, kwamba koti nimelipeleka kwa dobi Moshi mjini.

Sahani aliyokuwa akiosha ikamponyoka.

"Koti? Liko kwa dobi?"

Alinitazama kama nimemwambia marehemu baba yake yuko njiani anakuja. Kisha akasema vizuri, vizuri sana, akaenda kukaa bandani kwa ng'ombe mpaka jioni. Sasa nimeongeza uongo juu ya koti. Najichukia kabisa.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeshuka Moshi. Nikaenda Majengo kwa fundi yule yule. Mzee sasa, miwani minene, bado anakanyaga cherehani. Shikamoo, marahaba mwanangu. Nikamwomba anishonee jingine kama lile, lisitofautiane hata kifungo. Nilimpa picha ya harusi.

Akaitazama sana.

"Huyu kijana alikuwa mwembamba, mwanangu. Bado yuko hivi hivi?"

Nikasema bado. Nikafikiri kidogo, nikakumbuka tumbo. Nikafikiri tena, nikakumbuka na mabega. Akaniambia nikalete vipimo vya mtu aliye hai, inshallah atashona. Nitampimaje mtu kimyakimya? Hata akilala hulala kwa ubavu.

Nikapita kwa Aikande, binti yetu wa kwanza, ana saluni hapo mjini. Nikamwambia yote nikilia. Akasema, "Mama, relax. Lile koti ni la zamani bwana, mnunulie suti maisha yaendelee." Mimi sikumzaa huyu ili aje kuniambia relax.

Nimerudi nyumbani nikazitazama picha za ukutani moja moja. Katika ile ya harusi Baba Aikande anacheka. Katika nyingine zote amekaza uso, mikono imemsimama mbali na mwili kama aliyebeba ndoo mbili. Siku zote nilidhani ni heshima ya ibada.

Alhamisi, 20 Novemba

Mabogini. Nilimwambia Baba Aikande nakwenda kufuatilia huduma. Si uongo. Ni huduma, na nilikuwa naifuatilia.

Jua la huko si la kwetu. Mwinjilisti wa huko alilikumbuka koti mara moja, maana walicheka sana lilipotoka guniani, nani avae sufu kwenye joto lile. Akaniongoza kwenye majaruba ya mpunga. Nikaliona toka mbali. Mzee mmoja mrefu, mwembamba, yuko katikati ya mpunga anaamia ndege, anapiga debe na kupayuka, na koti la harusi yangu limefungwa vifungo vyote. Miguuni hana viatu.

Lilimkaa vizuri. Niseme ukweli, lilimkaa kuliko mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilibeba sweta mpya mbili za kubadilishana. Lakini mzee alipoambiwa natoka kwenye kanisa lililoleta nguo, aliweka debe chini akanishika mikono yote miwili. Akasema anaingia shambani alfajiri kuna baridi na mbu, na tangu apate koti hili hajakohoa. Akasema mwenye koti lazima alikuwa mtu mkubwa kwao, na anamwombea kila siku. Nani angesema baba, vua?

Nikampa na zile sweta mbili. Yeye akanipa mchele, kifuko kizima, nikakataa, akakasirika, nikapokea. Nimerudi na mchele, sina koti, na nimemwachia mzee nguo tatu. Nilikaa njiani nikitafuta pa kulia pasipo na watu. Mahali penyewe hapakuwapo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mtori. Hakuna aliyesema kitu. Elisante kauliza nani kafa.

Jumatano, 26 Novemba

Siku nne zimebaki. Baba Aikande amekonda. Anaamka kabla ya jogoo. Jana aliuliza, akitazama pembeni, dobi anamaliza lini. Nikasema Ijumaa. Akaguna kama mtu aliyechomwa sindano.

Siwezi tena. Nimeamua. Kesho namkatia isale.

Huku kwetu ukimkosea mtu kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, unampelekea jani la mmea wa isale. Akishalipokea, amekusamehe, na hawezi kukataa kulipokea, hata kama ulimchomea nyumba. Wazee wamemaliza kesi za mipaka kwa jani hilo. Kama mke anaweza kumpa mume sijui, sijawahi kuona. Lakini sijasikia mahali panapokatazwa.

Nimeogopa. Si koti. Naogopa atasema sawa, kwa upole, kisha asicheke nami tena maisha yangu yote.

Alhamisi, 27 Novemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshuka kihambani, shamba letu la migomba, mpaka chini kabisa, kwenye kaburi la baba mkwe. Masale yetu mazuri yako pale, yamelizunguka. Umande mpaka magotini. Nikachagua jani refu upande wa juu, nikakata. Nikasikia upande wa pili wa kaburi mtu anakata pia.

Baba Aikande. Ana panga, kainama, ana jani mkononi.

"Mae!" nikamaka.

Wote wawili tukaficha majani nyuma ya mgongo. Watu wazima wenye watoto watatu. Tukasimama hivyo, kila mmoja anamtazama mwenzake, mzee yuko katikati amelala.

Yeye ndiye aliyewahi. "Mama Aikande, pokea kwanza. Kisha utanisikiliza." Akaninyooshea. Nikapokea, ningefanyaje.

Koti alilitia yeye kwenye rundo. Asubuhi ile ile, mimi nikiwa jikoni, aliliweka chini kabisa nisilione. Linambana makwapani tangu ubatizo wa Aikande. Shingoni linamwasha. Kwenye kipaimara cha yule wa pili aliona nyota wakati wa sala ya mwisho, akaomba asizimie mbele ya wakwe. Akafurahi siku nne nzima, mpaka aliponiona napekua kabati. Nilipomwambia liko kwa dobi, alidhani kanisa limelirudisha, na hajalala tangu siku hiyo. Wema wote ule, majani ya ng'ombe, vyombo, mtori mtamu, ulikuwa hofu.

Nikampa jani langu nikamweleza yangu. Majengo, Mabogini, mzee wa ndege, sweta. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande. Nami nikacheka. Halafu hasira ikanipanda. Wiki mbili nzima! Nimetafuta pa kulia njiani! Nikafungua mdomo nimpe zake, nikaona jani liko mkononi mwangu. Nimeshasamehe. Isale ni mila ya kijanja, anayewahi ndiye anayefaidi.

Nikamuuliza tu kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Hukuniuliza," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Imeniuma. Nawauliza wageni wa kanisa zima kama wameshiba, kama kiti ni kigumu, kama upepo unawapiga. Huyu sikumuuliza.

Jumapili, 30 Novemba

Elisante amepata kipaimara. Alijibu maswali yote, moja kwa kigugumizi.

Baba Aikande alivaa shati jeupe na sweta ya bluu ya kawaida. Mama Ndeshi akauliza kwa sauti lile koti maarufu liko wapi. Nikamwambia mwenyewe kalitoa sadaka. Ni kweli tupu, na ilinipa raha kuisema. Tulikula mbuzi na wali wa mchele wa Mabogini. Kwenye picha anacheka mpaka vishimo vya mashavuni vinaonekana. Nilisahau kama anavyo.

Wageni wameondoka, vyombo viko juani. Tulikaa nje wawili tu. Nikasema ngoja nimuulize, tuanze mapema. Nikamuuliza, hivi ule mtori wa Jumamosi, unaupenda?

Akatazama mlima. Kisha akainuka, akachukua panga, akasema anakuja sasa hivi.

Naandika hapa kibarazani. Jua bado lipo. Namwona anapanda kutoka kule kaburini, taratibu.

Kakata majani mawili.