Baba Yake, Mgonjwa Wake

Nyumbani, mtaa wa nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Sisi ni wazima, na safari hii neno hilo naliandika nikiwa na hakika nalo, maana kidogo tu lingekuwa uongo.

Kwenye simu nilikwambia shemeji yako kafanyiwa upasuaji, basi. Sikutaka kukutia kiwewe ukiwa mbali. Walikata sehemu ya tumbo yenye uvimbe, wakaunga iliyobaki na umio, njia ya chakula. Tukashukuru. Kisha homa ikampanda, na mfuko wa kukingia maji ya jeraha, ulioning'inia ubavuni mwake, ukaanza kujaa maji machafu. Mshono wa ndani ulikuwa unavuja.

Daktari wa upasuaji alitueleza bila kuficha kwamba kumfungua tena ni hatari, mwili umechoka. Njia nyingine ni kupitisha bomba dogo la nyavu za chuma, lililovikwa plastiki, likae ndani kuziba tundu mpaka nyama ishikane. Na hospitalini pale anayejua kuliweka ni mmoja tu. Unamjua. Ni mpwa wako, binti yangu, yule uliyekuwa ukimwita Kifaranga.

Kaka, madaktari hawapendi kutibu watu wao. Aliniketisha kwenye benchi la korido, akaniuliza: "Mama, nikikosea je?"

Nikamuuliza, angekuwa baba wa jirani angefanyaje.

"Ningeliweka leo hii."

"Basi kanawe mikono. Huyo ni baba wa jirani."

Akaingia. Akapitisha mpira wenye kamera mdomoni mwa baba yake, bomba likakaa mahali pake, homa ikashuka. Mimi nilitembea wodini shingo juu, kila muuguzi aliyepita nikimwambia aliyefanya kazi ile ni mwanangu, hata wale niliokwisha kuwaambia.

Sasa sikia vituko vya shemeji yako. Alipoanza kunywa uji akajiona kapona. Ruhusa ilikuwa vitu vya majimaji tu, lakini bwana mkubwa akambembeleza mgonjwa wa kitanda cha pili mpaka akapata kipande cha mkate mkavu. Akakimeza. Bomba likateleza chini, maji machafu yakarudi mfukoni. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, huku roho imenitoka kwa woga.

Mpwa wako hakumwonea haya. "Mgonjwa, nani kakuruhusu mkate?" Mzee mzima, dereva wa malori anayeogopwa na makuli wote, akainamisha kichwa: "Nisamehe, daktari." Mpwa wako akalipandisha bomba tena na kulibana kwa vibanio.

Wiki zikapita. Juzi bomba likatolewa, akapewa kikombe cha maji yenye rangi ya buluu. Rangi ikitokea mfukoni, basi tundu lipo, na ni kisu tena. Mwanangu hakuthubutu kutazama. Mfuko alimwachia muuguzi, yeye akakaa kitandani kashika mkono wa baba yake, macho kayafumba. Tukangoja. Muuguzi akauinua mfuko dirishani, akaugeuza huku na huku.

"Hakuna rangi."

Nilipiga vigelegele mpaka wakanitoa nje, nikaendelea navyo koridoni. Kwa hiyo aliyoyasema shemeji yako nimesimuliwa na muuguzi. Mtu yule, asiyejua kumsifu mtu, alimwambia bintiye: "Mimi nilikuzaa. Sasa umenizaa wewe." Kila nikiyakumbuka machozi hunitoka.

Nisalimie wifi, wanangu wote, na yule mkweo mwalimu asiyeacha utani. Mungu akulinde huko uliko, na siku ya shida akupe mtu wa kukushika mkono.

Wako akupendaye,

Dada yako, mama wa daktari.